Fadhila za Mwandishi wa Safu

Afapo mwandishi wa safu, magazeti aghalabu humtaja kwa mistari michache, ilhali yeye, juma hata juma, alitutafsiria maisha yetu kwa maneno yasiyozidi nafasi aliyokatiwa. Tangu zama za gazeti la Ngurumo, lililoanza mwaka 1959 na kukoma 1976, hata Uhuru la mwaka 1961 na Mzalendo la 1972, dhima hii haikubadilika: awe na homa, awe na msiba, siku ya kupeleka makala haisogei.

Hapa Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, ambako Mto Ng'ombe umewahi kufurika masika na kuingia majumbani bila hodi, mwandishi wa namna hiyo hujua kwamba kuandika ni kutembea kwanza: ashuke mtaa wa Kisiwani akatazame alama ya maji ukutani, akae barazani asikilize, amuulize muuza vitumbua bei ya mchele, arejee kuhakiki majina na tarehe, kisha akeshe akiifuta sentensi aliyoipenda kuliko zote kwa kuwa safu imejaa, na hapo, kwa insafu, ndipo ilipo adha kubwa ya kazi yake. Likichapwa kosa, ni yeye atakayekabiliana na jirani dukani asubuhi.

Nakala moja ya gazeti husomwa na nyumba nzima, kisha hufungiwa maandazi, na safu hupotea nayo. Basi nakusihi, msomaji: ikiwa umehifadhi kipande cha safu ya marehemu mwandishi wa mtaani kwako, kiandikie tarehe, uwape wanawe.