Dume na Hesabu ya Idi

Mchana wa Kibaha hauna makuu. Kati ya Juni na Desemba tofauti yake haifiki saa moja, ilhali London mchana mrefu kabisa huupita ule mfupi mara mbili. Kondoo wa huko huishi kwa kufuata mwanga: usiku ukirefuka, tezi ndogo ubongoni humwaga melatonini kwa muda mrefu zaidi, na majike huingia joto. Siku zikirefuka, hutulia miezi kadhaa.

Kondoo wetu wa mkia wa mafuta, wekundu wa Kimasai na hata wenye kichwa cheusi, hawana pingu hiyo. Jike akishiba hupandwa mwezi wowote. Majira hayampangii mfugaji wa Kibaha wala wa Kisarawe. Lazima apange mwenyewe, na anayepanga vizuri namvulia kofia.

Mtazame anayelenga Idi ya kuchinja. Waislamu wa madhehebu ya Shafii kwa kawaida hutaka kondoo aliyetimiza mwaka. Ongeza mimba ya miezi mitano: dume aingie kundini miezi 17 kabla. Kwa Idi ya Mei 2027, kupandisha kunaangukia Desemba 2025, majani ya vuli yakiwapo bado. Lakini Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Ile ya Januari 2037 itadai dume aingie Agosti 2035, nyasi zikiwa zimekauka na majike wamekonda. Aliyekonda haingii joto kirahisi, hivyo mwenye zizi huanza mapema na pumba na mashudu.

Kumzuia dume ni kazi nyingine. Wamasai humfunga kipande cha ngozi tumboni, akala malishoni na wenzake bila kupanda. Wengine humtenga mbali kabisa, asionekane wala asinuswe, kwa kuwa harufu ya dume akirudi huwaamsha majike waliotulia. Jike huingia joto kila siku 17 hivi; dume akikaa kundini siku 35, kila mmoja amepata nafasi mbili, na wana huzaliwa kwa pamoja.

Huko Marekani, David Notter na wenzake wa Virginia Tech walichagua kondoo kwa miaka mingi ili wazae nje ya msimu. Tabia hiyo hurithiwa kidogo tu, karibu asilimia 10. Mengine ni lishe, umri na hali ya hewa. Jeni ya kipokezi cha melatonini, iliyo kwenye kromosomu ya 26, imehusishwa nayo katika baadhi ya mbari, na katika nyingine haikuonyesha kitu. Walikuwa wakikitafuta kile ambacho jike wa Kisarawe amezaliwa nacho.

Kwa kuwa hurithiwa, japo kidogo, namsifu zaidi mfugaji anayetoboa masikio ya kondoo kuwa alama na kukumbuka nasaba. Jike aliyeshika mimba katika kiangazi kikali, binti yake hauzwi mnadani. Anabaki zizini, apandwe Agosti yake mwenyewe.