Injini ya Kushoto: Jinsi Ndege ya Miraa Ilivyoanguka Utawala

Ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, yenye usajili 5Y-CET, iliangukia jengo la biashara mtaani Utawala, Eastlands, alfajiri ya Julai 2, 2014, muda mfupi baada ya kuruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Ilikuwa ikipeleka miraa Mogadishu. Zao hilo hupoteza ladha na bei siku mbili tu baada ya kuchumwa. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba, likakimbizwa usiku kutoka Meru na kupakiwa kabla ya kupambazuka.

Fokker 50 ina injini mbili za propela, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 2,500 hivi. Moja ikizimika, ya pili inaweza kuipandisha ndege, mradi kasi inatosha na mapanga ya propela iliyokufa yamegeuzwa yaupasue upepo kwa makali yake. Yasipogeuzwa huwa breki. Pua huvutwa upande wa injini mbovu, na rubani hukanyaga pedali ili usukani wa mkia uinyooshe. Kasi ikishuka, usukani haupati upepo wa kutosha, bawa hulala na ndege huenda chini. Nairobi, takriban mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na nafasi ya kukosea ni finyu zaidi.

Kwa hiyo kila safari hupangiwa kasi ya uamuzi. Hitilafu ikionekana kabla ya kasi hiyo, rubani hupunguza moto na kufunga breki. Barabara ya kurukia ya uwanja huo ina mita 4,117, ndefu mno kwa ndege ya kiasi hicho. Wachunguzi walibaini kwamba marubani waliondoka wakijua injini ya kushoto ina hitilafu, wala hawakusitisha kuruka licha ya tahadhari 27. Hata moja ingetosha.

Ndege isiyoweza kupanda huanguka karibu na uwanja, na karibu na viwanja vya ndege vya Nairobi kuna makazi ya watu. Aprili 1992, ndege ya Jeshi la Anga aina ya Buffalo iliangukia nyumba za Kaloleni, jirani na Soko la Burma, na wakazi waliokuwa chini wakafa pamoja na abiria. Utawala, waliokufa ni wanne waliokuwa ndani ya ndege. Ilikuwa saa kumi na dakika kadhaa alfajiri.