Mwenye Macho Huambiwa Tazama: Tahakiki ya Picha za Mandhari Nzima za Miji na Madaraja

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Makala haya yanakusudia kuitia methali hiyo katika mizani. Mizani tuliyoichagua ni sanaa ambayo huenda ikaonekana ngeni katika jarida la lugha, nayo ni ile ya picha ndefu za mandhari nzima za miji na madaraja mashuhuri, ambazo hupigwa vipande vipande na kuunganishwa ili mtazamaji auone mji wote, na katika mji huo aone hata dirisha la nyumba iliyo mbali. Ikiwa kuna kazi ya sanaa isiyostahili kumhitaji mhakiki, basi ni hii, maana huahidi kuonyesha yote bila kuficha. Hoja yetu ni kwamba ahadi hiyo haitimiziki, na kwamba kadiri picha inavyoonyesha mengi, ndivyo mtazamaji anavyozidi kumhitaji mtu wa kumwambia: tazama pale.

Jina na ahadi yake

Yafaa tuanze na jina, kwa kuwa hilo ndilo eneo letu sisi wanafunzi wa lugha. Robert Barker, mchoraji aliyefanya kazi Edinburgh, alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1787. Uvumbuzi huo ulikuwa picha ya rangi iliyozunguka ukutani pande zote, mtazamaji akiwa amesimama katikati. Mwaka 1793 alifungua jengo la mviringo katika Leicester Square, London, kwa ajili ya picha za namna hiyo. Jina lililoenea, panorama, liliundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: moja lina maana ya ‘yote’ na jingine lina maana ya ‘kinachoonekana’. Jina lenyewe, basi, ni dai. Halitaji mtu anayeona, wala mahali aliposimama.

Kiswahili kina neno mandhari, ambalo asili yake ni Kiarabu, katika shina lenye maana ya kutazama. Mandhari ni kile kitazamwacho. Ndani ya neno hili, tangu asili, mna mtazamaji. Tena lugha yetu hutenga kutazama na kuona: mtu aweza kutazama mchana kutwa asione kitu. Kwa hiyo anayeijia picha kwa Kiswahili amekwisha kupewa maswali mawili ya kuanzia uhakiki wake. La kwanza, ni nani atazamaye, naye kasimama wapi? La pili, katika hayo ayatazamayo, ni yapi ayaonayo? Tutayatumia maswali haya kupimia picha nne.

Juu ya mnara wa daraja

Mwaka 1876 Joshua Beal alipanda mnara wa upande wa Brooklyn wa daraja lililokuwa likijengwa kuvuka East River, akapiga picha tano zilizounganishwa kuwa mandhari moja ya New York. Katika picha hiyo twauona ukingo wa Manhattan, merikebu zimejipanga gatini, na mnara wa pili wa daraja umesimama peke yake ng'ambo ya maji. Minara iko, lakini njia ya kupitia haipo. Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883, na nafasi kati ya minara yake miwili ni mita 486.

Uzuri wa kazi hii umo katika upungufu huo. Beal hakulipiga picha daraja kama pambo la mji; alilifanya kuwa mahali pa kusimama. Mtazamaji anajikuta juu ya kitu kisichokamilika, akitazama ng'ambo asikoweza kwenda. Hapo swali letu la kwanza linajibiwa na picha yenyewe.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mnara ule wa Manhattan umesimamishwa juu ya kasha kubwa la mbao lililozamishwa takriban mita 24, ambamo wafanyakazi walichimba katika hewa iliyoshindiliwa. Waliotoka humo kwa haraka waliugua maradhi makali ya viungo, na wengine walikufa. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alidhoofishwa na maradhi hayo mwaka 1872, na mkewe, Emily, akawa mjumbe wake kwa mafundi kwa miaka mingi. Katika ujenzi wote walikufa watu wasiopungua 20. Hayo yote yako chini ya maji, na hakuna kioo cha kamera, hata kingekuwa kikali namna gani, kingaliweza kuyaonyesha. Asiyekuwapo na lake halipo. Ndiyo kasoro ya kwanza ya kila picha ya daraja: huusifu urefu, haiujui msingi.

Kilima cha matajiri

Kazi iliyo kubwa kupita zote tunazozijadili ni ile ya Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyehamia Marekani, aliyoifanya San Francisco mwaka 1878. Alitumia mabamba makubwa 13 ya kioo kuuzunguka mji pande zote. Picha zikiunganishwa hupata urefu wa takriban mita 5. Ukali wake ni wa ajabu. Mtu huweza kuhesabu madirisha, na kuyafuata mabarabara hadi yanapoishia baharini.

Alisimama wapi? Alisimama katika jumba la Mark Hopkins, juu ya kilima. Hopkins, Leland Stanford, Charles Crocker na Collis Huntington ndio mabwana wanne wa reli ya Central Pacific, iliyokamilishwa mwaka 1869 kwa jasho la maelfu ya wafanyakazi ambao wengi wao walikuwa Wachina. Jicho hili lionalo yote, basi, ni jicho la roshani ya tajiri. Mji umetandazwa miguuni pake kama mali iliyoanikwa. Msomaji aliyezoea kuuliza, katika riwaya, msimulizi anasema kwa niaba ya nani, hatashindwa kuuliza swali hilo hapa.

Lakini uhakiki ukikomea hapo utakuwa umeidhulumu kazi. Karibu na jumba la Crocker, katika picha hiyo hiyo, unaonekana ua wa mbao mrefu kupita kiasi. Crocker alitaka kununua viwanja vyote vya mtaa ule. Mtu mmoja, Nicholas Yung, mwenye biashara ya mazishi, hakukubaliana naye juu ya bei ya nyumba yake ndogo. Crocker akaizungushia nyumba ile ua kwa pande tatu, kimo chake kama mita 12, ili kumnyima jirani yake jua na upepo. Muybridge hakuupigia mbiu ua huo. Hakuuweka katikati, wala hakuupa kivuli cha kutisha. Umo tu, kama paa na mabomba ya moshi yalivyomo. Picha iliyopigwa kutoka katika jumba la tajiri mmoja imeuhifadhi ushahidi wa dhuluma ya mwenziwe.

Hapa ndipo ukali wa picha unapopata maana ya kisanaa. Picha ndogo ingaliufuta ua huo, na pamoja nao nyumba ya mnyonge. Hata hivyo, mwenye macho aweza kuitazama picha hii saa nzima asiuone, au auone na kudhani ni ghala. Anahitaji kuambiwa. Picha imetoa ushahidi, lakini haikutoa hukumu.

Jambo jingine hatuna budi kulitaja. Kila bamba lilipakwa dawa, likapigwa na kusafishwa lingali bichi, ndipo bamba la pili lishikwe. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kinachoonekana kuwa mtupo mmoja wa jicho ni muda mrefu ulioshonwa kwa uzi usioonekana. Mwaka uo huo, kwa gharama ya Stanford, Muybridge aliigawa hatua ya farasi akimbiaye katika vipande vya sekunde. Huku alikuwa akipasua muda, kule akiuunga. Wanaosema kuwa picha ni kweli tupu na walitafakari hilo.

Tiara na mnara

Tarehe 18 Aprili 1906 mji huo ulipigwa na zilizala, ukafuatwa na moto. Jumba la Hopkins liliteketea. Majuma machache baadaye George Lawrence aliipandisha kamera yake, yenye uzito wa takriban kilo 22, kwa tiara nyingi zilizofungwa pamoja, hadi kimo cha kama mita 600, akapiga magofu yote kwa picha moja yenye upana wa zaidi ya mita 1. Picha hii inastaajabisha, lakini inatutia shaka. Toka juu hivyo, msiba umekuwa ramani. Mistari ya mabarabara imepangika vizuri mno, na waliopoteza makao hawatambulikani. Mbali kote huko mtu haendi bila ya kuacha huruma njiani.

Mwaka 2013 ilitolewa picha ya London iliyopigwa kutoka BT Tower. Iliunganishwa kwa picha ndogo 48,640, nayo ina nukta bilioni 320. Mtazamaji huivuta karibu katika kioo cha kompyuta mpaka amwone mpita njia. Kwa ufundi imeyapita yote yaliyotangulia. Kwa sanaa, twaona imepungukiwa. Ile ya Beal ina ng'ambo isiyofikika. Ile ya Muybridge ina kilima na mwenyewe. Hii ina wingi. Mashine iligeuka na kupiga kila pembe kwa usawa, na pasipo uchaguzi hapana kauli. Kinachobaki ni mchezo wa kuwinda watu wasiojua kuwa wanatazamwa. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini mwenye macho ana haya.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa ukali wa picha si ukweli wake. Ukali ni ghala. Ukweli hutafutwa ndani yake na mtu ajuaye anachokitafuta, na anayeuliza ni kipi kisichowekwa humo. Kazi hiyo ndiyo tuifanyayo tusomapo tenzi na riwaya, wala hapana sababu ya kuiacha mlangoni tunapoingia katika picha. Leo mwanafunzi wetu hupokea picha nyingi kwa siku kuliko beti. Tukimfundisha kusoma beti tu, tumemwacha kipofu mwenye macho mazima. Methali ya wahenga haijatanguka, lakini yahitaji mwandani wake: mwenye macho haambiwi tazama, bali huambiwa wapi.