Kidole Katika Kila Pai: Lawama Inayopotea Katika Tafsiri

Nahau ya Kiingereza ya kuwa na kidole katika kila pai humsawiri mtu anayejiingiza katika mambo mengi, hata yasiyomhusu. Katika tamthilia ya Henry VIII (1613) ya Shakespeare na John Fletcher, Buckingham anatumia taswira hiyo kumshutumu Kadinali Wolsey kwa uchu wa madaraka; baadaye Buckingham mwenyewe anahukumiwa kifo. Kuifasiri nahau hii kuwa "kujishughulisha na mambo mengi" kunaigeuza shutuma kuwa sifa ya uchapakazi. "Kuwa na mkono" huhifadhi tuhuma, ila hulenga tukio moja. "Kuchovya kidole katika kila chungu" kungefaa zaidi, kwani methali ya mchovya asali tayari imekihusisha kitenzi hicho na tamaa isiyokoma.