Maleba, Tope na Utambulisho katika Tohara ya Wabukusu

Wahakiki wengi wa fasihi simulizi wamezoea kuyachukulia maleba kuwa pambo la utendaji. Mkusanyaji hunukuu maneno ya wimbo, kisha huyataja mavazi kwa sentensi moja na kupita. Makala haya yanadai kwamba katika tohara ya Wabukusu wa Bungoma, inayofanyika Agosti ya miaka ya shufwa, vazi ni sehemu ya matini yenyewe.

Tuanze na siku za kualika jamaa. Omusinde, yaani mvulana asiyetahiriwa, hukimbia kutoka boma hadi boma akigonga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, shanga zikiwa kifuani. Kiunoni, mara nyingi, huwa na kaptura ya kila siku, ya shule au ya mtumba. Wako wanaosikitika kwamba kaptura hiyo imeichafua mila. Hatukubaliani nao. Kaptura ndiyo inayomtambulisha kuwa angali mtoto. Shanga zinaanza kumtoa katika hali hiyo. Kwa mjomba wake huvishwa shingoni kipande cha nyama ya ng'ombe aliyechinjwa. Ni vazi lisilodumu, lakini latangaza kwamba ukoo wa mama umemkubali.

Kilele ni alfajiri mtoni. Hapo huvuliwa nguo, akapakwa tope baridi na kuchomekwa unyasi utosini. Anaporejea nyumbani, Sioyaye ikiimbwa, hana alama ya shule, ya dhehebu wala ya mali ya babake. Mwana wa tajiri na wa maskini wamevaa tope lile lile. Msomaji wa maneno ya wimbo pekee hawezi kuuona usawa huo, kwani haukutamkwa, umepakwa mwilini. Baada ya kisu hufunikwa shuka, nayo huwa nguo ya kwanza ya utu uzima wake.

Katika Song of Lawino (1966), Okot p'Bitek anamfanya Lawino atetee mapambo ya Kiacholi na kuyakejeli ya Clementine, kana kwamba kila jamii ina vazi lake la kudumu. Tohara ya Wabukusu yaelekeza kwingine: utambulisho haumo ndani ya nguo, bali katika tendo la kuvua na kuvaa mbele ya mashahidi.

Basi anayenukuu nyimbo hizi hana budi kuandika pia nini kilivaliwa, kilivuliwa wakati gani, na ni nani aliyemvika mwenziwe. Asipofanya hivyo, atakuwa amehifadhi sauti na kumpoteza mtu.