Mwezi Mmoja, Anga Nyingi

Wapenzi wa kamera za zamani huniambia filamu haidanganyi. Haya, itazameni "Moonrise, Hernandez, New Mexico" ya Ansel Adams, ya mwaka 1941. Jua linazama, kipima mwanga hakionekani. Akakisia kwa mwangaza wa mwezi alioujua kichwani, akapata negativu moja tu. Hadithi tamu, ila imeishia njiani. Kwa miaka mingi Adams alirudi chumba cha giza kuichapa upya, na anga ikazidi kuwa nyeusi. Nakala za mwanzo zina mawingu mepesi juu ya mwezi, baadaye yakamezwa. Mimi, jamani, nazipenda zile za mwanzo. Misalaba ya makaburini inang'aa chini ya jioni ya kawaida. Kwenye zile nyeusi namwona Adams kuliko kijiji.