Nani Yupo Saa Hizi?

Katika makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa gemu hapa Majengo, Dodoma, kuna swali linaloulizwa karibu kila jioni: "Nani yupo?" Anayeuliza ana dakika arobaini kabla ya kuitwa kula, bando lake la siku limebaki nusu, na anatafuta mtu wa kucheza naye mechi mbili za eFootball, gemu ya mpira wa miguu. Jibu linaingia baada ya dakika ishirini na tano: "Nipo." Muulizaji ameshaweka simu chini. Aliyejibu anasubiri kidogo, anaandika tena, halafu kimya. Kundi lina watu mia mbili wanaopenda mchezo uleule, na usiku huo wengi wao wanaishia kucheza na kompyuta.

Nimekuwa nikichora kwenye daftari programu ya simu ya kuwakutanisha watu hawa, na kadiri ninavyochora ndivyo ninavyoamini kwamba programu nyingi za aina hii zinakosea mahali pamoja. Zinadhani kazi ngumu ni kumpata mtu anayekufaa. Kazi ngumu ni kumpata mtu aliyepo.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazamia tatizo hili. Sensa ya 2012 iliwakuta hapa watu 410,956, na ya 2022 ikawakuta 765,179. Katikati ya sensa hizo Serikali ilihamia, Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 2018, na vyuo vikaendelea kupokea vijana kutoka kila mkoa. Mtumishi mpya anayepanga chumba Ipagala, au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyetoka Tanga, amewaacha nyumbani watu aliokuwa akicheza nao tangu shule. Anao mchezo, wa kucheza naye hana.

Kabla ya simu, kazi ya kuwakutanisha wachezaji ilifanywa na kibanda cha PlayStation (PS), na bado inafanywa. Ukikaa kwenye benchi saa kumi jioni utaona mfumo mzima ukienda. Runinga mbili, padi nne, na kanuni ambayo kila mtoto anaijua: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayefuata. Mwenye kibanda anakumbuka nani alimfunga nani jana. Akiona kijana mgeni anataka kukaa na bingwa wa mtaa, anamwambia asubiri kidogo, yuko mwenzake wa kiwango chake anakuja. Anajua nani hukasirika akifungwa, nani ametumwa sokoni na anapaswa kuondoka, na mtoto yupi hapaswi kuwepo pale baada ya magharibi. Vitu vinne ambavyo mhandisi angeviita upangaji foleni, upimaji wa viwango, usuluhishi na ulinzi wa watoto viko kichwani mwa mtu mmoja. Kibanda kina sifa moja zaidi ambayo ni rahisi kuisahau: ukipita mlangoni unaona nani yupo. Huulizi.

Sasa tazama jinsi programu ya kutafutana wachezaji inavyoundwa kwa kawaida. Unajiandikisha, unaweka picha, unachagua gemu unazocheza, kifaa, kiwango, lugha, saa unazopenda. Halafu unapekua majina, unachuja, unatuma ombi. Muundo huu unafanana na wa programu za kutafuta wachumba, ambako mtu anaweza kujibu kesho na hakuna kilichoharibika. Kwenye gemu, kesho haina maana. Na kila kichujio unachoongeza kinagawanya watu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa, tena wa ukarimu. Programu ina wanachama 1,200 Dodoma nzima. Siku ya kawaida robo yao, watu 300, wanataka kucheza, kila mmoja kwa saa moja, mahali popote kati ya saa kumi jioni na saa nne usiku. Hizo ni saa sita, kwa hiyo wakati wowote ukifungua programu wapo wastani wa watu 50. Wagawe kwa gemu tano: 10. Wagawe kati ya wenye simu na wenye PS: 5. Wagawe kwa viwango vitatu: hawafiki wawili, nawe mwenyewe ukiwa mmojawapo. Programu yenye wanachama 1,200, ambayo kwa jiji letu ingekuwa mafanikio makubwa, inakuonyesha ukurasa mtupu. Mtu akikutana na ukurasa mtupu mara mbili, mara ya tatu hafungui.

Hata wenye mamilioni ya watu walitatizika. Juni 2018 kampuni ya Blizzard iliweka ndani ya gemu yake ya Overwatch kipengele cha kutafuta kikosi: unaandika tangazo, unataja nafasi unazohitaji, watu wanajiunga. Ilikuja pamoja na mfumo wa kuwapa pongezi wachezaji wenzako wenye tabia njema. Overwatch 2 ilipotoka Oktoba 2022, pongezi zilikuwemo, lakini kipengele cha kutafuta kikosi hakikuwemo. Mimi ninalisoma hivi: pembeni ya tangazo hilo palikuwa na kitufe kinachokuingiza mchezoni bila kusoma wala kusubiri mtu. Tangazo linataka uvumilivu, na jioni moja haina uvumilivu wa kutosha. Pongezi zilidumu kwa sababu hazimgharimu mtu muda wake. Unabonyeza mechi ikiwa imeshakwisha.

Jibu la hesabu ile nililipata Jumamosi moja nikiwa kwenye mnada wa mifugo wa Msalato. Fikiria mfugaji wa Kigogo mwenye mbuzi wawili wa kuuza, katika nyanda ambazo kutoka kijiji hadi kijiji ni mwendo. Akisimama njiani Jumanne, uwezekano wa kukutana na mnunuzi mwenye fedha, anayetaka mbuzi, siku hiyo na saa hiyo, ni mdogo mno. Wauzaji wapo na wanunuzi wapo, ila wametawanyika ndani ya wiki. Mnada unachukua wiki nzima na kuikunja iwe siku moja. Hakuna anayempigia mwenzake kuuliza kama atakuja. Anakwenda kwa sababu anajua watu watakuwepo, na watu wapo kwa sababu kila mmoja amewaza hivyohivyo. Kijiji cha jirani kinachukua siku nyingine, na wachuuzi wanazunguka.

Kunja jioni namna hiyohiyo. Badala ya kuacha watu 300 watawanyike ndani ya saa sita, tangaza kwamba Jumatatu ni eFootball saa mbili usiku, Jumanne ni Free Fire, na kuendelea. Wasipofika wote, wakija nusu tu ya wale 60 wa eFootball, ni 30. Kwa vifaa, 15. Kwa viwango, watano. Kutoka chini ya wawili hadi watano, bila kuongeza mwanachama hata mmoja. Ninaamini huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika muundo wa programu hii, na hauhitaji teknolojia yoyote zaidi ya kalenda na ujumbe mmoja wa kukumbusha.

Saa ya pamoja inaleta faida nyingine. Programu ikimpanga kila anayeingia na wa kwanza aliyemkuta, makosa yanajazana. Tuseme anaingia mchezaji wa alama 1,800, kisha wa 1,200, wanapangwa. Wanafuata wa 1,750 na wa 1,250, nao wanapangwa. Kwa kipimo cha Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyefundisha Milwaukee, ambacho Shirikisho la Sataranji Duniani lilikipokea mwaka 1970, tofauti ya alama 600 ina maana kwamba mwenye nguvu anatarajiwa kuzoa karibu pointi 97 kati ya 100. Mechi ya namna hiyo ni adhabu kwa mmoja na uchovu kwa mwingine. Subiri sekunde tisini tu mpaka wote wanne wawemo, na unapata 1,800 dhidi ya 1,750, na 1,250 dhidi ya 1,200. Tofauti ya 50 inampa mwenye nguvu takriban pointi 57 kati ya 100, na hapo kila mmoja anaanza akiamini anaweza kushinda. Mwenye kibanda anapomwambia kijana asubiri kidogo, anafanya hesabu hiyo.

Kwa mchezaji mgeni asiye na alama yoyote, Mark Glickman alionyesha mwaka 1995 njia ya kuhifadhi, pamoja na alama, kiasi cha shaka tuliyonayo juu yake. Shaka ikiwa kubwa, matokeo ya mechi chache yanamsogeza haraka. Mimi ningeongeza swali moja la kijiweni wakati wa kujiandikisha: kati ya hawa unaowajua, nani humfungi? Jibu hilo linafupisha mechi kumi za kupimana.

Nje ya saa za mnada bado kutakuwa na mtu mwenye dakika zake arobaini saa tisa mchana, na kwake ninarudi kwenye "Nani yupo?" Ubovu wa swali hilo ndani ya WhatsApp ni kwamba ujumbe hauzeeki. "Nipo" ya saa tisa inabaki kwenye kundi kama "Nipo" ya sasa hivi. Kwa hiyo kadi ya uwepo lazima ife yenyewe: unabonyeza, unaonekana kwa dakika thelathini, halafu unatoweka bila kufanya lolote. Discord, iliyoanzishwa Mei 2015 na Jason Citron na Stanislav Vishnevskiy, ililipatia hili kwa njia nyingine. Vyumba vyake vya sauti viko wazi muda wote; ukitazama orodha unaona waliomo, unaingia bila kumpigia mtu simu. Ni mlango wa kibanda uliohamia kwenye skrini. Ugumu wake kwetu ni bando, maana kukaa chumbani kumsubiri mtu kunakula data, na kadi inayokufa haili kitu.

Umbali nao unaamua. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dodoma hadi Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake vya data Aprili 2020, ni zaidi ya kilomita 3,500 kwa mstari ulionyooka, yaani kwenda na kurudi si chini ya milisekunde 35. Frankfurt ni karibu mara mbili ya hapo. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila milisekunde 17, kwa hiyo safari ya Frankfurt imemeza picha nne kabla hujahesabu minara, vituo na mizunguko ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikayumba, runinga na diski za kibandani hazikuhitaji bahari. Programu inapaswa kupima ucheleweshaji kati ya simu mbili kabla ya kuwapanga, na ikiona hali mbaya iseme wazi: leo mkutane kibandani.

Hapo, kwenye kujua nani yuko karibu ili mkutane, ndipo pana hatari ambayo sitaki ipite haraka. Baadhi ya programu huonyesha kwamba mwenzako yuko mita kadhaa kutoka ulipo. Februari 2014 kampuni ya usalama ya Include Security ilieleza jinsi programu ya wachumba ya Tinder ilivyokuwa ikitoa umbali sahihi kupita kiasi: ukiupima umbali wa mtu kutoka sehemu tatu tofauti, duara tatu zinakatana mahali pamoja, na mahali hapo ndipo alipo. Mtu angeweza kujifanya yupo uwanja wa Jamhuri, kisha Nyerere Square, kisha soko la Majengo, na akaupata mlango wa binti wa kidato cha tatu anayependa gemu ya mapigano ya Tekken. Kwa hiyo hakuna mita, hakuna ramani ya watu. Kunakuwa na jina la kata, au jina la kibanda ambacho mchezaji mwenyewe amekichagua. Namba ya simu haionekani kwa yeyote, jambo ambalo kundi la WhatsApp halikuwahi kutupa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi, na mimi sioni lengo linalohitaji anwani ya mtoto ili acheze mpira wa kwenye simu.

Na wasichana wanacheza. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani mwaka 2018 kwa ustadi wake wa Tekken. Hapa kwetu binti mwenye kipaji kama hicho mara nyingi hawezi kukaa kwenye benchi la kibanda jioni. Kwake simu inaweza kuwa mlango pekee, na mlango huo ukimlazimisha kuweka picha na jina kamili kabla ya mechi ya kwanza, umeshafungwa. Jina la kuchezea na alama zinatosha.

Skrini ya kwanza katika daftari langu sasa ina maneno machache: "Leo ni mnada wa eFootball, saa 2:00 usiku. Waliosema watakuja: 31." Chini yake kuna kitufe kimoja, "Nitakuja." Hakuna sehemu ya kupekua watu. Niliwahi kufikiria kujaza namba hiyo kwa wachezaji wa bandia wiki za mwanzo, nikafuta, maana atakayefika saa mbili na kukuta hapana mtu hatarudi. Kwa hiyo waliojiandikisha wakiwa chini ya wanane, namba haionyeshwi kabisa. Mahali pake panaonekana majina ya vibanda vilivyo wazi jioni hiyo, na idadi ya padi zinazosubiri.